Kutambua seli za kinga za panya kwa kingamwili za rangi: mwongozo wa benchi kwa maabara za Mombasa

Fundi wa maabara aliyewahi kupima CD4 za wagonjwa wa HIV tayari anaijua nusu ya kazi hii. Kingamwili zilizobandikwa rangi ya kung'aa huchanganywa na seli, seli zikapita mbele ya leza moja moja, mashine ikahesabu; ndiyo flow cytometry. Nusu ya pili ndiyo humkwaza. Vifaa vya kliniki hufika vikiwa vimepimwa kiwandani: weka kiasi fulani, subiri dakika fulani, soma. Kwa panya hakuna aliyekupangia. Kipimo cha kingamwili, mpangilio wa rangi na tyubu za kulinganishia ni juu yako, na kosa la hapo mashine hailisemi. Hukuchorea picha safi tu ya jambo lisilokuwepo.

Mazoea mengine ya damu ya binadamu yaachwe mlangoni. Kingamwili ya CD4 ya binadamu haishiki CD4 ya panya. Damu ya binadamu imejaa nutrofili, ya panya imejaa limfosaiti, kwa hiyo picha ya ukubwa na chembechembe itaonekana imepinduka. Seli za NK (natural killer, wauaji wa asili) za binadamu hutafutwa kwa CD56. Za panya wa maabara aina ya C57BL/6 kwa NK1.1.

Hapa tunafuata kiungo kimoja, wengu, kwa sababu una seli nyingi na hauhitaji vimeng'enya. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama ya taasisi yako na leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) viwe mkononi kabla ya panya wa kwanza.

Agiza kwa kloni, si kwa jina la CD

CD3 ni jina la alama iliyo juu ya seli. Kloni, yaani ukoo wa seli uliotengeneza kingamwili hiyo, ndiyo inayoeleza kingamwili inashika sehemu gani ya alama hiyo na ilitoka kwa mnyama gani. Zilizozoeleka ni hizi:

- CD45 (chembe nyeupe zote): 30-F11
- CD3 (seli T): 17A2 au 145-2C11
- CD4: GK1.5 au RM4-5
- CD8a: 53-6.7
- B220 (seli B): RA3-6B2, ukitaka CD19, kloni 1D3 au 6D5
- NK1.1: PK136
- CD11b (ukoo wa mieloidi): M1/70
- Ly6G (nutrofili): 1A8
- Ly6C (monosaiti): HK1.4
- F4/80 (makrofaji): BM8
- CD11c (seli za dendriti): N418, ikiambatana na MHC II, kloni M5/114.15.2
- CD16/32 (kizuizi cha vipokezi vya Fc, vinavyoshika mkia wa kingamwili): 2.4G2 au 93, isiyo na rangi

Ukishajua kloni, uliza aina ya panya. PK136 hufanya kazi vizuri kwa C57BL/6, lakini kwa BALB/c, C3H na DBA haishiki kitu. Hapo tumia CD49b, kloni DX5. Panya waliozalishwa kwa kuchanganya damu wajaribiwe kwanza kwa tyubu moja kabla ya kununua chupa nzima. C57BL/6 wa kawaida wana CD45.2, kwa hiyo kingamwili ya CD45.1, kloni A20, itakupa sifuri. Ile ya zamani iitwayo Gr-1, kloni RB6-8C5, hushika Ly6G na Ly6C pia; ukiitumia pekee, usiandike kwamba umehesabu nutrofili.

Kuna mtego mwingine kwa wanaofanya majaribio ya kuondoa seli. Panya aliyedungwa GK1.5 ili kumaliza seli za CD4 hapaswi kusomwa tena kwa GK1.5, kwa sababu ile ya sindano imeshaziba nafasi. Ukikuta CD4 hazipo, hutajua zimekufa au zimefunikwa. Kloni RM4-4 hushika mahali pengine, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Rangi zifuate mashine uliyonayo

Soma leza za mashine kabla ya kufungua orodha ya bei. FACSCalibur, mashine ya kusomea seli ya kampuni ya BD, ina leza ya bluu ya nanomita 488 na nyekundu ya 635, na vitambuzi vinne vya rangi: FITC kwenye FL1, PE kwenye FL2, PerCP au PerCP-Cy5.5 kwenye FL3, APC kwenye FL4. Haina leza ya zambarau, kwa hiyo rangi za Pacific Blue na BV421 (BV ni Brilliant Violet) ni pesa iliyotupwa baharini. Mashine yenye leza ya zambarau ya 405 pia hukupa nafasi za rangi hizo.

Kanuni ya kugawa ni ndogo lakini huvunjwa kila siku: rangi kali kwa alama hafifu, rangi hafifu kwa alama nyingi. PE na APC ni kali, BV421 kali pia. FITC na Pacific Blue ni za wastani kwenda chini. B220 na CD8 ziko nyingi juu ya seli zao, hazihitaji PE. CD25 ni chache. Ukiipa FITC itazama kwenye mng'ao wa asili wa seli, ambao nao umekaa pale pale kwenye kijani.

Kwa FACSCalibur, mgao wa tyubu tatu huenda vizuri:

Tyubu A: CD8a FITC, CD3 PE, B220 PerCP-Cy5.5, CD4 APC.
Tyubu B: CD11b FITC, Ly6G PE, 7-AAD, Ly6C APC.
Tyubu C: CD3 FITC, NK1.1 PE, 7-AAD, CD19 APC.

7-AAD huingia kwenye seli zilizokufa na kung'aa kwenye FL3, ndiyo maana haiwezi kukaa pamoja na PerCP-Cy5.5. Tyubu A basi haina alama ya wafu. Uzima wa seli utathibitishwa kwa trypan blue (rangi inayoingia seli zilizokufa) kabla ya kuanza, na ukiwa chini ya asilimia 90 usiendelee nayo. PE huvujia FL3 kidogo, lakini seli yenye CD3 haina B220, kwa hiyo uvujaji wowote utauona kwa macho badala ya kukuingilia kimyakimya.

Ukiwa na rangi nane, usikimbilie CD45 kwa wengu. Seli nyekundu zikishayeyushwa, karibu kila kinachobaki ni CD45, na umepoteza kitambuzi kizima kuthibitisha unachokijua. Kwa mapafu, ini au uvimbe, CD45 ni lazima.

Rangi zinazoitwa PE-Cy7 na APC-Cy7 ni molekuli mbili zilizofungamanishwa, ya kwanza ikinasa mwanga na kumpa mwenzake. Joto, mwanga na dawa ya kukausha seli (kuzihifadhi kwa kemikali kama paraformaldihaidi, si kuziondolea maji) huvunja fungamano hilo. Likivunjika, PE-Cy7 huanza kung'aa kama PE tupu, APC-Cy7 kama APC tupu, na seli zako zitaonekana zina alama ambayo hazina. Kwa hali ya hewa ya Pwani, pale ambapo rangi isiyofungamanishwa inatosha, chukua hiyo.

Kupokea na kuhifadhi

Kingamwili zenye rangi hukaa nyuzi 2 hadi 8, gizani. Hazigandishwi kamwe: PE na APC ni protini, zikiganda zinaharibika. Katika friji ndogo za ofisini, rafu iliyo chini ya kisanduku cha barafu hushuka chini ya sifuri usiku. Weka chupa rafu ya kati, si mlangoni, na kipimajoto ndani kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Stima ikikatika, mlango usifunguliwe. Ikipita saa chache, hamishia chupa kwenye kasha la barafu, lakini uweke kitambaa au katoni kati ya chupa na pakiti za barafu zilizotoka friza, zisije zikagandisha kile unachokiokoa.

Panga shehena ifike Jumatatu hadi Jumatano. Mzigo unaotua Nairobi Ijumaa, au mkesha wa Idd au Pasaka, utalala forodhani. Chupa ikifika vuguvugu usiitupe papo hapo: kingamwili za FITC, PE na APC huvumilia safari kuliko wengi wanavyodhani. Zilizofungamanishwa ndizo za kushukiwa kwanza. Ipime chupa hiyo kwenye seli zinazojulikana, ikiwezekana sambamba na chupa ya zamani, kisha uamue.

Siku ya kufungua, andika tarehe, kloni, namba ya toleo na ukolezi juu ya utepe wa maabara kwa kalamu isiyofutika. Unyevu wa hapa hung'oa lebo za karatasi, na chupa isiyo na jina haina kazi.

Kutafuta kipimo: usiruke hatua hii

Kipimo kilichoandikwa na kiwanda mara nyingi kiko juu kuliko unachohitaji. Kingamwili ikizidi hushika pasipostahili, seli zisizo na alama zikapanda, na tofauti ikapungua. Ikipungua mno, kipimo hubadilika kila idadi ya seli inapobadilika. Kwa hiyo kila chupa mpya, hata ya kloni ile ile lakini toleo jingine, hupimwa hivi.

Chukua tyubu saba zenye seli milioni moja za wengu kila moja, katika mikrolita 100. Ya kwanza weka mikrogramu 1 ya kingamwili, kisha nusu yake, na nusu tena: 0.5, 0.25, 0.125, 0.06, 0.03. Ya saba haina kitu. Pitisha zote kwenye hatua zilezile za kawaida, soma, kisha kwa kila moja chukua kiwango cha kati cha mng'ao wa seli zenye alama, toa kile cha seli zisizo na alama, ugawe kwa mara mbili ya mtawanyiko wa zisizo na alama. Namba hiyo itapanda, itafika kilele, itashuka. Kipimo chako kiko kwenye kilele, au kidogo juu yake ukitaka usalama.

Hesabu ya mfukoni ndiyo hushawishi wakubwa wa idara. Chupa ya mikrogramu 100 ukiitumia kwa 0.25 hutoa vipimo 400. Ikionekana 0.0625 inatosha, chupa hiyo hiyo hutoa 1,600. Kwa kloni kama GK1.5 na 53-6.7 kwenye wengu, kushuka namna hiyo si ajabu.

Bafa

Maji ya bomba na ya visima vya Mombasa yana chumvi. Hayafai hata kwa kusuuzia chombo cha mwisho. Tumia maji yaliyokenekwa. Kwa lita moja ya PBS (maji ya chumvi yenye fosfati): sodiamu kloraidi gramu 8, potasiamu kloraidi 0.2, Na₂HPO₄ 1.44, KH₂PO₄ 0.24, pH 7.4. Uzani huo ni wa chumvi kavu zisizo na maji ndani yake. Chupa iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na kuwa mabonge, na ukiipima hivyo unapima maji.

Bafa ya kazi: PBS mililita 490, seramu ya ndama mililita 10, EDTA ya moli 0.5 mililita 2. Seramu huzuia kunata, EDTA hunyang'anya kalsiamu ili seli zisishikane. Baadhi huongeza sodiamu azaidi asilimia 0.05 hadi 0.1 isioze. Ni sumu, haipaswi kutumika ikiwa seli zitakuzwa tena, na isikutane na dawa ya klorini kwenye tangi la taka kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Kwa maabara yenye friji inayotegemeka, bafa mpya kila wiki ni nafuu kuliko hatari hiyo.

Ya kuyeyusha seli nyekundu: amonia kloraidi gramu 8.02, potasiamu baikaboneti gramu 1, EDTA yenye sodiamu mbili miligramu 37.2, kwa lita moja, pH 7.2 hadi 7.4. Funga vizuri. Ikikaa wazi hupoteza kabonidayoksaidi, pH ikapanda, na kazi yake ikadhoofu.

Kutoka wengu hadi seli moja moja

Kama banda la wanyama liko ng'ambo na maabara iko kisiwani, hesabu foleni ya feri ya Likoni ndani ya muda wako. Safirisha wengu mzima ndani ya bafa baridi juu ya barafu, si seli zilizokwisha kutenganishwa. Seli ndani ya kiungo huvumilia zaidi. Saa mbili ni sawa, nne bado inavumilika, zaidi ya hapo anza kuhesabu wafu. Barafu ya kuponda inayouzwa kwa wavuvi inatosha kabisa, mradi iwe ndani ya mfuko na tyubu zisimame kwenye kishikio. Barafu ikiyeyuka, tyubu huelea na vifuniko kuingiza maji.

1. Weka chujio la mikromita 70 juu ya tyubu ya mililita 50, ulilowanishe kwa bafa. Weka wengu juu yake na ukandamize kwa kichwa cha kisukumio cha bomba la sindano la mililita 5, ukimiminia bafa kidogo kidogo kama anayekamua tui. Usisage kwa kuzungusha kwa nguvu. Seli hupasuka na DNA yake hugeuka utando unaonasa nyingine zote. Mwisho chujio libaki na ngozi nyeupe tu.

2. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 350 g, dakika 5, nyuzi 4. Ikiwa mashine inaonyesha mizunguko tu, hesabu: g ni 0.00001118 mara nusukipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe. Kwa rota ya sentimita 16, mizunguko 1,400 hutoa takriban 350 g. Kunakili "1,400" kwenda rota nyingine bila kupima nusukipenyo ndiko kunakopoteza seli.

3. Mwaga maji ya juu, gonga chini ya tyubu kulegeza donge, kisha ongeza mililita 2 za bafa ya kuyeyusha. Miongozo mingi ya ughaibuni husema dakika 3 hadi 5 kwenye joto la chumba, wakiwa na maana ya nyuzi 20. Chumba cha Mombasa kisicho na kiyoyozi hufika 30 na zaidi mwezi wa Machi. Dakika 1 na nusu hadi 2 zinatosha. Ongeza mililita 10 za bafa ya kazi kusimamisha, zungusha tena. Donge likiwa bado jekundu rudia mara moja tu. Waridi hafifu si tatizo.

4. Chuja tena, hesabu kwa trypan blue kwenye kioo cha Neubauer: wastani wa seli hai katika mraba mkubwa mmoja, mara kiasi ulichozimua, mara 10,000, ndiyo idadi kwa mililita. Wengu wa panya mzima mwenye afya hutoa kati ya milioni 80 na 100. Ukipata milioni 20, rudi hatua ya kwanza. Wengi huziacha seli kwenye chujio.

5. Rekebisha hadi milioni 20 kwa mililita. Hapo mikrolita 50 ni seli milioni moja kamili.

Kupaka rangi

Kila kitu kuanzia sasa kiko juu ya barafu na gizani. Seli hai yenye joto hukusanya kingamwili zilizoshikana nayo upande mmoja kisha huzimeza, na joto la hapa huharakisha hilo. Zima taa ya benchi. Foili juu ya kasha la barafu inatosha.

Ukitumia rangi ya wafu inayoshikana na protini, ile inayovumilia kukausha, ianze kabla ya yote, na seli zioshwe kwanza kwa PBS tupu. Seramu kwenye bafa ina protini nyingi. Itainywa rangi yote, na wafu wako wataonekana wazima. 7-AAD haina shida hiyo, huwekwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kusoma, lakini haifai kwa seli zilizokaushwa.

Weka mikrolita 50 za seli katika kila kisima cha sahani ya visima 96 yenye kitako cha mviringo. Ongeza mikrogramu 0.5 ya kizuizi cha CD16/32, subiri dakika 10. Bila hicho, makrofaji, monosaiti na seli B hukamata mkia wa kingamwili yoyote inayopita. Usioshe. Tahadhari moja: 2.4G2 na 93 hutoka kwa panya buku wa maabara (rat), kwa hiyo ukipanga kutumia kingamwili ya pili inayoshika kingamwili za panya hao, itashika kizuizi chenyewe na kila kitu kitang'aa.

Mchanganyiko wa rangi huandaliwa kwa pamoja. Tuseme sampuli 12: andaa wa 13. CD4 ya mikrogramu 0.2 kwa mikrolita, kipimo kikiwa 0.06, ni mikrolita 0.3 kwa sampuli. Hakuna pipeti inayopima hiyo kwa uaminifu. Kwa 13 ni mikrolita 3.9, na hiyo inapimika. Weka kingamwili zote, jazia bafa hadi mikrolita 650, gawa 50 kwa kila kisima. Kabla ya hapo zungusha chupa za PE na zile za zambarau kwa 10,000 g dakika 5, uchukue juu. Mabonge ya rangi yaliyotulia chini huonekana kwenye mashine kama seli kali mno zisizoeleweka. Ukiwa na rangi mbili au zaidi za jamii ya BV kwenye mchanganyiko mmoja, ongeza bafa yake maalumu, kwani hunatana zenyewe kwa zenyewe.

Dakika 30. Ongeza mikrolita 150 za bafa, zungusha 400 g dakika 5, kung'uta sahani mara moja kwa mkono thabiti, osha tena. Maliza kwenye mikrolita 300, pitisha kwenye wavu wa mikromita 35 au 40 kwenda tyubu ya kusomea.

Kusoma siku hiyo hiyo ni bora. Ikibidi kulala, kausha kwa paraformaldihaidi asilimia 1 dakika 15 hadi 20, osha, hifadhi nyuzi 4 gizani, na usome ndani ya saa 24. Seli zilizokaa ndani ya dawa hiyo wikendi nzima zitakuletea PE-Cy7 iliyovunjika.

Tyubu za kulinganishia

Hapa ndipo watu hubana matumizi, na hapa ndipo kazi huharibika. Mwanga wa FITC huvujia kitambuzi cha PE. Wa PE huvujia FL3. Wa APC huvujia APC-Cy7. Programu huondoa uvujaji huo kwa hesabu iitwayo fidia, na hesabu hiyo huhitaji tyubu ya seli zisizo na rangi na tyubu yenye rangi moja moja kwa kila rangi.

Rangi ya tyubu hizo iwe ile ile kabisa, na kwa PE-Cy7 na APC-Cy7 iwe chupa ile ile, kwa kuwa kila toleo huvuja kivyake. Mng'ao wake ulingane au uzidi wa sampuli. Kundi lenye rangi na lisilo nayo viwe vya aina moja: usilinganishe shanga zenye rangi na seli zisizo nayo. Kusanya angalau matukio 5,000 (kila tukio ni seli au shanga moja iliyosomwa) ya kundi lenye rangi.

Shanga za kunasa kingamwili ni rahisi na huokoa seli, ila soma zinanasa nini. 17A2 na 53-6.7 ni za panya buku, 145-2C11 na N418 za hamsta, PK136 ni ya panya mdogo mwenyewe. Shanga zilizotengenezwa kunasa za panya buku na hamsta pekee hazitaishika PK136, na utadhani chupa imekufa.

Kuweka mpaka kati ya "inayo" na "haina" kwa alama hafifu, andaa tyubu yenye rangi zote kasoro ile unayoiulizia. Mng'ao unaobaki mahali pake ni uvujaji, na mpaka hupita juu yake. Kingamwili za kulinganishia zisizo na shabaha, ambazo bado zinanunuliwa kwa wingi, hazijibu swali hilo.

Mbele ya mashine

Washa kiyoyozi na mashine nusu saa kabla. Leza husogea joto la chumba linapobadilika. Pitisha shanga za ukaguzi, uandike thamani zake kwenye daftari. Vitambuzi viwekwe kwa seli zisizo na rangi na tyubu moja yenye rangi zote, kisha visiguswe tena hadi sampuli ya mwisho.

FACSCalibur huvuta mikrolita 12, 35 au 60 kwa dakika. Seli milioni moja katika mikrolita 300, kwa kasi ndogo, ni kama matukio 650 kwa sekunde. Kwa kasi kubwa, zaidi ya 3,000. Kasi kubwa hupanua mkondo na kutia ukungu kwenye makundi hafifu. Kusanya seli hai 50,000 kwa T na B. NK zikiwa asilimia 3, hizo ni 1,500 tu, kwa hiyo kwa NK ongeza hadi 100,000.

Mageti (mipaka unayochora kuchagua seli) yafuate mpangilio huu: ukubwa dhidi ya chembechembe, kuondoa vumbi na seli nyekundu, eneo dhidi ya kimo, au upana, kuondoa seli zilizonatana, kisha wafu nje kwenye tyubu zenye 7-AAD. Kwenye tyubu A chora CD3 dhidi ya B220, halafu ndani ya CD3 chora CD4 dhidi ya CD8. Usichore CD8 bila CD3 kwanza, kwa maana kundi moja la seli za dendriti za wengu nalo lina CD8a. Kwa C57BL/6 mwenye afya tarajia B nusu au zaidi kidogo ya seli, T kama theluthi, CD4 zikizidi CD8. Kwenye tyubu B, ndani ya CD11b, nutrofili ni Ly6G juu na Ly6C wastani. Monosaiti wa mchochota (inflammatory) ni Ly6C juu bila Ly6G.

Ukiwa na shaka na CD4 na CD8 zako, toa thaimasi (tezi inamokomaa seli T) ya panya mchanga. Takriban asilimia 80 ya seli zake zina zote mbili. Picha hiyo ikikosekana, kosa liko kwenye kingamwili au fidia, si kwa mnyama.

Picha zinazodanganya

Kundi lenye CD3 na B220 pamoja karibu kila mara ni T na B zilizonatana. Kaza geti la seli moja moja. Likibaki, na B220 iko kwenye APC-Cy7 huku CD3 ikiwa APC, tuhumu rangi iliyovunjika.

Mstari wa mshazari unaopanda pembe 45 kwenye kila mchoro ni wafu au mng'ao wa asili. Makrofaji wa wengu wenye F4/80 hung'aa wenyewe bila kupakwa. Waonekane kwanza kwenye tyubu isiyo na rangi.

NK hazipo kabisa: angalia aina ya panya kabla ya kulaumu chupa. Kila kitu kimesogea kulia kidogo: kizuizi kimesahaulika au kingamwili imezidi. Kundi hasi limezama chini ya mhimili: fidia imepita kiasi, na mara nyingi ni kwa sababu tyubu ya rangi moja ilikuwa hafifu kuliko sampuli.

Mkondo ukisita na matukio kushuka ghafla, kuna utando wa DNA. Chuja upya. DNase I (kimeng'enya kinachokata DNA) ya mikrogramu 100 kwa mililita husaidia, ila huhitaji magnesiamu. Ndani ya bafa yenye EDTA haifanyi kazi, hata ukiongeza maradufu.

Kufunga

Hamisha faili za FCS (data za mashine) kutoka diski ya mashine siku hiyo hiyo, pamoja na orodha ya kloni na namba za matoleo. Pitisha dawa ya klorini iliyozimuliwa moja kwa kumi dakika 5 kwa kasi kubwa, kisha maji yaliyokenekwa dakika 5 au zaidi, hadi matukio yakaribie sifuri. Acha sindano ndani ya tyubu yenye mililita 1 ya maji hayo. Ukiijaza zaidi, maji yanaweza kurudi na kufurika. Ukiiacha kavu, chumvi ya PBS itaganda kwenye ncha kabla ya asubuhi.